Kura ya Ghorofa ya Kati

Dari yangu ni sakafu ya mtu.
Sakafu yangu ni dari ya mtu.
Miaka kumi na tisa hapa Keko, Jengo la Nne,
sikuwahi kulifikiria hilo
mpaka siku ilipokuja pesa.

Ilikuja imevaa kofia ya njano ya ujenzi:
mhandisi Elieshi, bado binti,
akatandaza ramani juu ya meza ya vitumbua.
Serikali, alisema, imetenga fungu
nyumba zake zistahimili jua na mvua,
na luku isiwe inaliliwa kila Jumatatu.
Tukapiga makofi.
Akangoja yaishe. Akameza mate.
"Ila kwa jengo hili fungu linatosha kitu kimoja.
Paa, au mtaro.
Jadilianeni, mpige kura."

Loh!

Rwegasira wa juu aliinuka wa kwanza
na mshumaa mkononi, haujawahi kuwashwa,
umepinda kama mkia wa nge.
"Umepindia ndani ya droo," alisema.
"Zege linaoka mchana kutwa, usiku linatutapikia.
Mwanangu analala kwenye sakafu niliyoimwagia maji.
Feni inatafuna uniti kama mchwa,
na upepo wenyewe wa jikoni.
Siombi kiyoyozi. Naomba paa lipakwe nyeupe,
na chini ya nyeupe kitu cha kuzuia moto."

Bi Mwajabu wa chini hakuinuka.
Kwa kidole tu, akaonyesha ukutani
mstari wa kahawia, shibiri moja juu ya soketi.
"Yalifika hapo.
Friji langu nalipandisha tofali moja kila masika.
Ngoja, Rwegasira, litakuja kwako lenyewe, kwa ngazi."
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Sita juu. Sita chini.
Tukabaki wa kati, tusioungua, tusiozama,
na mlango wa Massawe una kufuli, yuko Moshi.
Wawili wakanyosha kwa paa.
Wawili kwa mtaro.
Halafu macho yote, hata ya watoto wa vitumbua,
yakanigeukia mimi.

Nilitaka kumuuliza aliyelipima lile fungu
kama alipima na watu.
Lakini Elieshi hakulipima yeye,
alitumwa tu kulileta, na kalamu yake ilikuwa inatetemeka.

Nikasema: mtaro.

Msiniite mwenye busara.
Maji yana kelele, ndiyo sababu.
Usiku ule niliyasikia: ndoo zikigongana,
Bi Mwajabu akiita majina ya wajukuu mmoja mmoja
kama anayehesabu chenji gizani.
Joto la Rwegasira sikuwahi kulisikia.
Lilikuwa juu ya kichwa changu miaka yote,
likitembea peku.

Vuli ikaja. Mtaro mpya ukakoroma usiku kucha,
ukameza, ukameza, kizingiti kikabaki kikavu.
Friji likashuka matofali mawili.
Bi Mwajabu akaniletea sahani ya visheti, imefunikwa kawa,
nikaila nimesimama, karibu na mlango,
nisije nikaonekana.

Kisha Januari.
Saa saba za usiku nasikia hatua kwenye ngazi,
mkeka unaburutwa, mtoto anakohoa.
Nachungulia: Rwegasira, na mwanawe,
wamelala kwenye korido yetu, sakafu ya kati,
palipo na ubaridi wa kuazima.
Hakunisalimu. Hakunilaumu.
Alikuwa anampepea mtoto kwa karatasi ngumu,
taratibu, kama mtu asiye na haraka ya asubuhi,
na kila ilipogeuka kwenye mwanga wa taa ya ngazi
niliusoma mhuri, na chini yake maandishi:
*Awamu ya Pili. Paa.
Fedha zikipatikana.*

Nikaacha mlango wazi.
Feni yangu nikaigeuzia nje.